Uzio Unaofika Kiunoni

Leipzig, Jumatatu ya Wiki Kuu, 1 Aprili 1996

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje? Kaka Konrad ameniambia siku hizi unashuka ngazi kinyumenyume na hutaki kushikwa mkono. Sisi tumo, Mungu anatutunza. Hartmut mgongo umemkaza tangu baridi ile, maana kazini amepanda mapaa mengi kuliko umri wake unavyoruhusu. Mimi mikono yangu inanuka vitunguu vya jikoni kwenye nyumba ya wazee ninapopikia, hata nikiiosha kwa siki. Zaidi ya hapo sina la kulalamika.

Najua Konrad amekuwekea simu, lakini wewe husema simu ni ya misiba, basi nakuandikia kama kawaida. Nina mambo mawili, moja jepesi na moja zito.

Jepesi ni hili. Alhamisi Kuu tunakwenda kupumzika Bautzen mpaka Jumatatu ya Pasaka. Ndiyo, Bautzen, nakuona unavyonyanyua nyusi. Mwenzake Hartmut kazini amemwambia kwamba mji ule mdogo una minara mingi kuliko maduka, na mume wangu akisikia minara hashikiki. Tumepata chumba kwa mjane mmoja. Mpango wetu ni kutokuwa na mpango: kulala, kutembea kando ya mto, kula keki mchana. Tangu watoto waondoke nyumbani hatujawahi kukaa wawili tu bila mtu kutuuliza soksi ziko wapi.

Zito unalijua. Mwezi wa sita tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mchungaji wa Hartmut atatubariki, kama alivyotufungisha ndoa yule aliyemtangulia. Sijawahi kukuuliza kuhusu siku ile ya harusi, Mama. Nafasi yako ilikaa tupu kwenye benchi la kwanza mpaka mama mkwe akaweka mkoba wake pale, ili watu wasiione. Safari hii nataka ukae wewe, si mkoba. Wewe una miaka sabini na minane, na goti lako hilo. Sitapata jubilei nyingine ya kukualika.

Nijibu kabla hatujaondoka, nipate kupumzika kweli.

Mwanao,
Rosi


Dingelstädt, Jumanne, 2 Aprili 1996

Binti yangu Rosi,

Milele, amina. Goti ni goti, lina umri wangu, na linapanda ngazi vizuri kuliko magoti ya wanaolisema. Nimepokea barua yako wakati nachemsha viazi, nimeisoma, nimezima jiko, nimeisoma tena.

Bautzen! Wakati wetu watu walipelekwa Bautzen, hawakwenda kwa miguu yao. Na waliopelekwa jela ile hawakupewa keki. Sasa ninyi mnakwenda kulipia chumba. Haya, dunia imegeuka. Chukua sweta ya kijivu, na huyo bwana wako asikae kwenye upepo na mgongo wake.

Kuhusu mwezi wa sita, jibu langu ni lile lile. Lakini umeniuliza kwa upole, na kwa kuwa naingia uzeeni nitakueleza jambo ambalo hata baba yako sikumwambia, Mungu amrehemu.

Siku uliyotoka na sanduku lako kwenda kuolewa na Mlutheri, nilipanda mlima wetu wa hija peke yangu. Sikwenda kukulaani, kama ulivyodhani. Nilimwambia Mama wa Mungu: mtoto huyu siwezi kumzuia, basi mlinde asiiache imani, asiiache rozari yake. Nami nikatoa kitu changu. Niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga sakafu ya kanisa la Walutheri maisha yangu yote, si kwa harusi, si kwa ubatizo, si kwa msiba. Ndicho kitu kilichoniuma zaidi, nikaona ndicho kinachofaa kutolewa.

Yeye ametimiza yake. Wewe hadi leo unakwenda Misa na rozari yako unasali. Mimi nitavunjaje yangu? Nikivunja, nani ajuaye atakachoachilia yeye?

Nimekuwekea soseji kwenye kifurushi. Msile kabla ya Pasaka.

Mama yako


Bautzen, Ijumaa Kuu, 5 Aprili 1996

Mama yangu,

Amani ya siku hii iwe nawe. Natumaini umefanya Njia ya Msalaba ukiwa umeketi, ingawa nakujua. Sisi tumefika salama na mgongo wa Hartmut umeanza kulegea. Jana alilala mchana kweupe na viatu miguuni, jambo ambalo sijaliona tangu tufahamiane.

Barua yako niliisoma garini. Niliisoma tena na tena mpaka Hartmut akauliza, "Rosi, u hai?" Nikamsomea. Akasimamisha gari kando ya shamba, akashuka, akatembea kidogo, akarudi. Akawasha gari, tukaendelea. Mama, miaka yote hii nilidhani ni hasira. Sikujua kwamba ulinunua kitu kwa kiapo kile, na kitu chenyewe ni mimi.

Nami nikuambie lako usilolijua. Unafahamu ni nani anayeniamsha Jumapili kwenda Misa? Mimi hutoka zamu ya jikoni nimechoka, na asubuhi za baridi shetani huja kitandani na kuniambia, lala, Mungu ataelewa. Hartmut hunivuta blanketi. "Simama, Mkatoliki wewe, kengele zenu zinalia." Kahawa iko tayari na viatu vyangu amevipasha kwenye jiko. Halafu yeye anakwenda zake kushoto, mimi kulia, tunakutana mezani. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna atakayemvuta mwenzake. Na ili tusivutane hatujawahi hata kusindikizana hadi mlango wa kanisa.

Sasa nikueleze mahali hapa, maana moyo umenijaa.

Mjane wetu anaitwa Bi Hanka. Ni wa Wasorbi, wale watu wa huku wenye lugha yao, ni Mkatoliki, na mdomo wake haulali. Alipotufungulia alisema kama wanavyosalimiana watu wa huku, "Tumsifu Yesu Kristo." Hartmut, masanduku mikononi, akajibu, "Na wewe pia, mama." Bi Hanka akanigeukia mimi. "Huyu ni wa upande ule?"

"Ni wa upande ule," nikasema.

"Haidhuru. Vitanda vyangu havina pande. Vueni viatu."

Nilidhani ni namna tu ya kusema. Leo asubuhi tumepanda kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, lililo juu kabisa ya mji, nikaelewa. Mama, kanisa ni moja, na ndani yake katikati kuna uzio. Mbele ya uzio, upande wa mashariki, ni kwetu Wakatoliki. Nyuma yake, mpaka mlango mkubwa, ni kwa Walutheri. Altare mbili, vinanda viwili, na kila upande una saa zake za ibada. Wamekaa hivyo tangu Matengenezo ya Kanisa yenyewe, enzi za babu wa babu zetu, wakati kwingine watu walikuwa wanachinjana. Bi Hanka anasema zamani uzio ulikuwa mrefu kuliko watu wawili waliopandana. Baada ya vita wakaushusha. Sasa unanifika kiunoni.

Kwa sababu ya siku ya leo, altare yetu imevuliwa nguo zote na yao imevikwa kitambaa cheusi. Nilisimama pale nikaona ni kama nyumba ya msiba yenye vyumba viwili, na maiti ni mmoja. Watu walikuwa wanaingia pande zote mbili na hakuna aliyepaza sauti. Walutheri walipomaliza ibada yao walitoka kwa kunyata, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na bibi mmoja wa kwetu anasali.

Hartmut alikuwa nje. Nilipotoka nilimkuta amelizunguka kanisa zima, shingo juu, kama mtu aliyepoteza ndege.

"Paa ni moja, Rosi," akaniambia. "Nimelitazama lote. Hakuna mahali walipoligawa. Likivuja, linawavujia wote."

Akarudia tena wakati tunakunywa kahawa, kwa sauti ya chini, kana kwamba amesomewa Injili. "Paa ni moja."

Nitakuandikia tena Pasaka. Nimevaa sweta.

Mwanao,
Rosi


Bautzen, Jumapili ya Pasaka, 7 Aprili 1996

Mama,

Amefufuka kweli kweli. Heri ya Pasaka kwako, kwa Konrad na wote wa nyumbani. Leo soseji imeliwa. Bi Hanka ameikata, akainusa, akasema watu wa kwenu mtaingia mbinguni hata mkiwa na dhambi.

Nitakuandikia kama yalivyokuja.

Asubuhi nilikwenda Misa. Niliingia na Bi Hanka kwa mlango mdogo wa sakristia, kwa sababu alikuwa amebeba maua. Hartmut nilimwambia aende akanywe kahawa anisubiri. Misa ilijaa na nikapata nafasi benchi la mwisho kabisa, lile linalopakana na uzio. Padre alipoanza, nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Nimelala kando yake miaka ishirini na mitano. Nikageuka. Mama, ng'ambo ya uzio kuna altare yao, na nyuma ya altare mabenchi yao yote yalikuwa matupu, kwa kuwa saa yao haijafika. Na katika mabenchi yale matupu alikuwa ameketi mtu mmoja, kofia magotini, amechana nywele.

Hakuja upande wetu. Hakuvunja mapatano yetu hata kidogo. Alikaa kanisani kwake, na mimi nilikuwa kanisani kwangu, na tulikuwa kanisani pamoja. Sijui kama naandika vizuri. Ilipofika kuimba ule wimbo wa kale wa Ufufuko ambao kwao na kwetu ni mmoja, nilisikia sauti yake nzito inapita juu ya uzio, inanifikia mgongoni. Nilishindwa kuimba. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Nilifikiri, Bwana, kumbe ulikuwa unatusikia hivi siku zote, sauti mbili kwa pamoja, na sisi tu ndio hatukuwa tunasikia.

Misa ilipokwisha watu wakatoka. Mimi nikabaki. Walutheri wakaingia kwa mlango wao, wakamkuta Hartmut, wakamsalimu. Kinanda chao kikaanza. Kinapiga mpaka mbao za benchi zinanguruma chini yako. Nikageuka nikakaa kama mtoto anayechungulia dirisha la nyuma la gari, nikaisikiliza ibada ya mume wangu mwanzo hadi mwisho. Mchungaji aliniona. Aliniinamishia kichwa tu, kama jirani anayekuona dirishani.

Mchana Bi Hanka akatupeleka kuwaona wapanda farasi. Umesikia habari zao, lakini kusikia si kuona. Wanaume wa Kisorbi, Wakatoliki, wamevaa makoti meusi na kofia ndefu nyeusi, farasi wao wamesukwa, hatamu zimepambwa kwa kauri zinazong'aa kama meno. Wanabeba msalaba na bendera, wanakwenda kuipelekea parokia nyingine habari kwamba kaburi li tupu, na njia nzima wanaimba kwa lugha yao. Sikuelewa neno hata moja na niliamini kila neno. Hartmut alivua kofia farasi wa kwanza alipotokea, na hakuivaa tena mpaka mkia wa mwisho ulipopotea.

Wengine walikuwa na taji dogo la fedha kifuani. Hartmut akauliza ni la nini.

"Ameshapanda miaka ishirini na mitano," Bi Hanka akamwambia.

"Kumbe na yeye anafanya jubilei," akasema mume wangu. "Tena mwenzake ni farasi. Mimi nina nafuu."

"Umuulize farasi kwanza," Bi Hanka akajibu.

Mama, nifike kwenye neno langu. Wewe uliapa kutokanyaga sakafu ya kanisa la Walutheri. Sikuombi uvunje. Baada ya kujua uliapa kwa ajili gani, ningeona haya kukuomba. Lakini hapa kuna sakafu ya Kikatoliki, na kiti kikiwekwa juu yake, mtu anaona altare ya Walutheri kama ninavyoiona meza hii. Tukibarikiwa hapa badala ya Leipzig, unaweza kuwepo na kiapo chako kikawepo.

Fikiri. Usijibu kwa haraka ya kwako ile.

Mwanao,
Rosi


Dingelstädt, 28 Aprili 1996

Binti yangu,

Sisi wazima. Mvua imezidi na Konrad analalamika viazi vitaoza. Umeniambia nisijibu kwa haraka, nimekaa wiki tatu. Sasa usilalamike.

Nilimpelekea paroko barua yako baada ya Misa. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. Akasema, "Mama Ottilie, Mungu si mpima ardhi." Nikamwambia, "Padre, aliyeapa ni mimi, si Mungu. Na mimi napima." Akaacha kucheka. Akaniambia ana mamlaka ya kunifungua kiapo changu, papo hapo, kwenye meza ile, ikiwa nataka. Kama mtu anayekufungua kamba ya kiatu. Nikakataa. Kiapo hiki nimekaa nacho muda mrefu kuliko nilivyokaa na baba yako. Kama Mama wa Mungu hakuomba kufunguliwa sehemu yake, na mimi siombi.

Basi nina maswali, na nataka majibu ya watu wenye macho, si ya watu wenye furaha. Mlango huo wa sakristia, mtu akiupita anatokea wapi? Asije akavushwa kwenye ukumbi wao hata kwa unyayo mmoja. Je, mtu mwenye goti anapita? Na hao Walutheri, wataona ni dharau, mama wa bibi harusi kukaa ng'ambo kama anayetazama mnada? Maana mimi naweza kuwakatalia, lakini sitaki kuwatukana.

Na kitu kingine. Hilo la viatu kupashwa kwenye jiko. Ni kweli, au uliandika kunilainisha?

Mama yako


Leipzig, 6 Mei 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Huku kwetu kumekauka. Hartmut yuko juu ya paa la shule moja na anarudi mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Majibu yako haya hapa. Nilimwandikia Bi Hanka na yeye kanijibu upesi. Anasema mlango wa sakristia unatokea kwetu moja kwa moja, na kizingiti ni kifupi. Ananiambia nikuandikie maneno yake yalivyo: "Mwambie mama yako nimepita mlango ule tangu ningali mdogo wa kubeba ubani, na kama ulikuwa unanipeleka kwa Walutheri, hakuna aliyenijulisha." Kuhusu dharau, alikwenda mwenyewe kwa mchungaji wao akamweleza jambo lako lote. Mama, usikasirike. Mchungaji akasema angetamani waumini wake wawe na kiapo hata kimoja wanachokitunza hivyo. Amekubali kutubariki Jumapili ya tarehe tisa Juni, mwisho wa ibada yao. Misa yetu inatangulia.

Hartmut nilimuuliza kama hataumia, harusi yake kuwa na uzio. Alikuwa anakula supu. "Akae upande wake," akasema. "Akitaka atugeuzie na mgongo. Nitajua yupo." Kisha akaweka kijiko chini. "Ila asije kwa kulazimishwa, Rosi. Asije halafu arudi nyumbani anaogopa usiku kwamba amekupoteza wewe kwa sababu yangu. Hilo sitaki. Bora mkoba."

Viatu ni kweli. Mwaka juzi aliunguza pea moja.

Tutakwenda Bautzen uje usije. Chumba ni kwa Bi Hanka, na chako amekitenga, kipo chini, hakina ngazi.

Mwanao,
Rosi


Leipzig, 30 Mei 1996

Mama,

Hujambo? Hujaniandikia. Pentekoste imepita na sanduku la barua ni tupu kila nikilifungua. Nikimpigia Konrad anasema, "Nimekatazwa kusema," kisha anaweka simu chini. Kama unaumwa niambie. Kama umekataa, niambie pia, sitakuuliza tena, na nitakupenda vile vile. Nimechoka tu kutojua nimtazame nani siku ile.

Namwomba yule uliyemwapia akuongoze yeye mwenyewe. Mimi nimeshindwa maneno.

Mwanao,
Rosi


Dingelstädt, 11 Juni 1996

Mpendwa Hartmut,

Amani kwako. Konrad amenirudisha salama, goti limevimba na nimelipaka mafuta. Natumaini mgongo wako haujambo na kwamba Rosi ameshaacha kulia, maana juzi nilidhani atakauka.

Barua hii ni yako, si yake. Ukitaka msomee. Mimi mbele za watu sina maneno. Huyapata nikiwa nimefunga mlango na nina kalamu. Na kuna jambo nililoliona ambalo usingeweza kuliona mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa usoni pako.

Sikujibu barua ya Rosi kwa sababu sikujua. Ukweli ni kwamba hata Jumapili alfajiri, gari likiwa linanguruma, nilikuwa jikoni nimevaa kofia, sijui. Konrad akasema, "Mama, mafuta yanaungua." Basi nikapanda.

Nilipita mlango wa sakristia. Nilikikagua kizingiti kwanza. Bi Hanka alinishika kiwiko akaniambia, "Kanyaga, bibi, hapa ni kwetu mpaka kule kwenye uzio, hata mende ni Wakatoliki." Nikasikiliza Misa yote na sikugeuka. Rosi alikuwa benchi za mbele, hakujua nipo. Niliogopa kugeuka. Nilijua u nyuma yangu, nilisikia hicho kikohozi alichoniandikia.

Misa ilipokwisha Rosi alitoka kuja kwenu kwa nje. Bi Hanka akaniletea kiti, akakiweka kando ya uzio, akanigeuza mimi na kiti changu kama mtu anayegeuza mkate. Nikaliona kanisa lenu. Sikuwahi kuona moja kwa ndani. Nilitegemea baridi. Dari ilikuwa ileile ya kwetu, inaendelea tu, haikujua pa kukoma. Kinanda kikalia nikashika fimbo yangu kwa nguvu. Ninyi watu mnaimba, hilo nawapa.

Kisha mchungaji akawaita. Mkaja mkapiga magoti mbele ya altare, wewe kwa taabu. Sasa sikiliza. Kanisa zima lililojaa watu wenu liliona migongo yenu. Mchungaji aliwainamia, uso wake ulikuwa kwenye kitabu. Mimi, niliyekaa upande usio wa harusi, ndiye peke yangu niliyewaona nyuso. Miaka ishirini na mitano nilidhani kwamba nilitoa mahali pangu. Kumbe nilipewa mahali hapo, na hapo hapakuwa na mtu mwingine.

Rosi alikuwa amefumba macho. Wewe uliyafumbua, ukaniona. Nilikuona unavyoniona. Nilitegemea utamgusa kiwiko. Hukumgusa. Ulimwacha asali. Mchungaji akauliza lile swali, na ukajibu kwamba ndiyo, kwa msaada wa Mungu, ukiwa unanitazama mimi, na kidevu kinakutetemeka.

Hartmut, uso wa mtu anayetunza kiapo naujua, huwa nauosha kila asubuhi. Pale kwenye kiti nikatambua kitu ambacho kilinifanya nishike uzio. Mwaka ule mlimani nilimwomba Mama wa Mungu amlinde mtoto wangu asiache rozari yake, wala sikumuuliza atamtuma nani. Mimi nilisubiri malaika. Yeye akatuma Mlutheri wa kupasha viatu.

Nimeandika hilo na nimekaa nalo kidogo. Sasa naendelea.

Ibada ilipokwisha Rosi alinirukia, nusu juu ya uzio, na Bi Hanka akawa anamvuta kwa gauni lisichanike. Wewe ulikuja polepole ukasimama mbali kidogo na uzio, mikono nyuma, kama mtu dukani aliyeambiwa asiguse. Nikakuambia, "Lete mkono." Ukaniuliza, "Mama, na kiapo?" Watu walikuwa wengi nikashindwa kukujibu, nikaushika tu. Naona Konrad alitazama saa yake mara nyingi kabla sijauachia.

Jibu langu ni hili, lisije likakupa mashaka. Miguu yangu yote miwili ilikaa upande wangu tangu nilipoingia hadi nilipotoka, muulize Bi Hanka. Niliapa kuhusu mguu. Kuhusu mkono sikuapa kitu.

Mama